Siku ya Mpira wa Watu Saba Quitunda

Msafiri atokaye mji wa Palma akaelekea kusini, upande wa rasi ya Afungi, huipita minazi, kisha mikorosho, kisha mashamba ya muhogo, na mara hukutana na jambo ambalo pwani ile ya Cabo Delgado haikulizoea: nyumba za matofali zilizojipanga kwa mistari iliyonyooka, zote za kimo kimoja, zote zimeezekwa bati, kila moja na kiwanja chake, kama gwaride lililoamriwa kusimama mguu sawa. Hapo ndipo Quitunda, nao wenyeji hulitamka jina hilo Kitunda. Vijiji vingine vya pwani hiyo vilijengeka polepole, ndugu akimvuta ndugu, mpaka njia zake zikajipinda zenyewe kuifuata miembe na visima. Quitunda ilichorwa kwanza kwenye karatasi.

Ilichorwa kwa sababu ya gesi. Mwaka 2010 kampuni ya Kimarekani ya Anadarko iligundua gesi nyingi chini ya bahari, nje ya pwani hiyo ya kaskazini ya Msumbiji, na rasi ya Afungi ikachaguliwa kuwa mahali pa kujengea mitambo ya kuigeuza gesi kuwa kimiminika na kuipakia melini. Waliokuwa wakikaa katika rasi hiyo, watu wa Quitupo, wa Milamba na wa vitongoji vingine, ilibidi wahame. Mwaka 2019 familia za kwanza zilianza kuingia katika nyumba mpya, na mwaka huohuo mradi ukapita mikononi mwa kampuni ya Kifaransa ambayo leo huitwa TotalEnergies. Kisha vikaja vita. Machi 24, 2021, mji wa Palma ulishambuliwa na waasi. Maelfu ya watu walikimbia, na wengi wao walikimbilia Quitunda, wakalala chini ya miembe, barazani, shuleni na popote penye kivuli. Aprili 26 ya mwaka huo kampuni ilitangaza kwamba kazi haiwezi kuendelea kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake, na tangazo hilo halikuondolewa mpaka Novemba 2025. Hivyo kijiji kilichojengwa kwa ajili ya watu waliopisha mradi kilikaa miaka zaidi ya minne mradi wenyewe ukiwa umelala, na watu wakiwa hawana pa kurudi.

Katika nyumba moja ya Quitunda anakaa mzee ambaye zamani alikuwa mvuvi, mtu wa Quitupo kwa kuzaliwa. Kila siku huamka kabla ya adhana ya alfajiri, wala haamshwi na mtu. Ni mazoea ya miaka arobaini ya kulala dago Milamba, ambako mvuvi alijua maji yamejaa au yamekupwa kwa kusikiliza tu, bado hajafumbua macho. Quitunda bahari haisikiki. Mwenye safari ya pwani hungoja gari au huikabili njia kwa miguu, na mvuvi anayengoja gari, kama ajuavyo kila aliyewahi kushika kasia, hufika maji yakiwa yameshafanya yake. Mzee huyo sasa ana kazi nyingine ambayo hakuajiriwa na mtu kuifanya. Yeye ndiye mtunzaji wa jezi za timu ya Quitupo.

Jezi zenyewe ni saba tu. Ni fulana nyeupe zilizonunuliwa sokoni Palma, na kijana mmoja fundi wa rangi akaziandika mgongoni neno QUITUPO kwa rangi ya buluu ya kupakia mashua. Zinakaa katika mfuko wa plastiki, na mfuko unakaa chini ya kitanda cha mzee. Kila baada ya mchezo yeye huzifua kwa mkono wake, huzianika uani, huzihesabu, kisha huzirudisha mahali pake. Wanawake wa jirani walipojitolea kumsaidia alikataa kwa adabu, akisema kwamba rangi ile haitaki kusuguliwa na mtu mwenye haraka.

Jumamosi ya mashindano aliuvuta mfuko huo kabla jua halijatoka, akamwita mjukuu wake wa miaka minane, wakatoka.

Uwanja wa mpira wa Quitunda ni mchanga mtupu. Milango yake ni milingoti ya miti iliyofungwa kwa kamba, na mistari huchorwa kwa jivu asubuhi ya mchezo, ikafutwa na miguu kabla ya adhuhuri. Msimu huo ulikuwa wa kaskazi, na joto la kaskazi katika pwani hiyo halina huruma: kufika saa tatu asubuhi mchanga unaunguza nyayo. Hata hivyo, saa moja na nusu tayari watoto walikuwa wameshajipanga ukingoni, na akina mama walikuwa wameshatandika mikeka chini ya mwembe. Wengi wao walikuwa wamejipaka msiro usoni, ile dawa nyeupe ya mti ambayo wanawake wa pwani ya Msumbiji huipenda kwa ngozi na kwa urembo, na kanga zao zilikuwa za rangi za kushindana. Muuza mandazi alikuwapo. Muuza pweza wa kuchoma alikuwapo. Mwenye redio alikuwapo pia, naye aliipandisha sauti mpaka akaombwa aishushe.

Mtu aweza kuuliza kwa nini mashindano hayo ni ya wachezaji saba kwa saba, wala si kumi na mmoja kama desturi. Sababu ya kwanza ni upungufu wa watu. Tangu vita, vijana wengi wamekwenda Pemba, wengine wamevuka mto Ruvuma wakaenda kutafuta riziki Mtwara, na timu ikitaka watu kumi na mmoja wazima hulazimika kuokota mpaka wazee. Sababu ya pili aliileta kijana mmoja aliyewahi kuosha vyombo katika kambi ya wafanyakazi wa mradi. Huko alikuwa akiwatazama Waafrika Kusini wakikusanyika mbele ya televisheni kuangalia raga ya watu saba, mchezo unaokwisha upesi hata chakula hakijapoa: dakika saba, mapumziko mafupi, dakika saba nyingine, na siku moja huweza kumaliza mashindano mazima. Aliporudi kijijini alisema, wenzetu wakipungukiwa na watu na muda hufanya hivi.

Alisema kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Raga ya watu saba ilizaliwa kwa upungufu. Mwaka 1883, katika mji mdogo wa Melrose huko Scotland, klabu ya raga ilikuwa imeishiwa fedha, na mchinja nyama aitwaye Ned Haig akashauri wafanye mashindano ya siku moja ili watoze viingilio. Kwa kuwa timu za watu kumi na watano zisingeweza kumaliza michezo mingi kwa alasiri moja, wakapunguza wachezaji. Melrose wakawatoa jirani zao wa Gala katika fainali, na mchezo huo wa dharura ukaenea ulimwenguni. Katika Afrika Mashariki umeota mizizi Nairobi, ambako mashindano ya Safari Sevens yalianza mwaka 1996 katika uwanja wa raga wa Ngong Road, nao vijana wa Kenya waliwahi kwenda Singapore mwaka 2016 wakawafunga Fiji, mabingwa wa dunia katika mchezo huo, kwa pointi 30 kwa 7. Quitunda hakuna mpira wa yai, wala hakuna anayeuhitaji. Walichochukua ni hesabu tu: saba kwa saba, dakika kumi kila kipindi, siku moja, na mbuzi mmoja kwa mshindi.

Timu zilikuwa sita. Quitupo na Milamba ni majina ya mahali ambapo leo pamezungushiwa uzio. Timu ya tatu ilikuwa ya vijana wa Palma waliokimbilia Quitunda mwaka 2021 na hawakuondoka, ya nne ya vijana wa Mocímboa da Praia, ya tano ya askari wanaolinda eneo hilo. Ya sita ilikuwa Senga, kijiji jirani, na juu ya Senga yafaa kusema neno. Waliohamishiwa Quitunda waliahidiwa mashamba badala ya yale waliyoyaacha, na ardhi iliyotengwa kwa ajili hiyo ilikuwa ya watu wa Senga. Maneno hayakukosekana. Wenyeji walitaka kujua fidia yao iko wapi, na wageni walitaka kujua shamba lao liko wapi. Katika mambo ya namna hiyo aliyekata ramani huwa mbali, na wanaotazamana kwa macho ni majirani wawili wenye majembe.

Mchezo wa kwanza ulikuwa kati ya Quitupo na Palma, nao ulikwisha bila bao. Mzee hakukaa kitini. Alisimama nyuma ya lango la timu yake, ambako golikipa alikuwa mpwa wake, nahodha wa timu na fundi wa pikipiki kwa kazi. Mzee alikuwa akimwita kila mpira ulipokaribia, na kila alipomwita mpwa alijibu bila kugeuka, "Nimeuona, Mjomba." Mjukuu alihesabu, na baadaye alitangaza kwamba babu aliita mara kumi na tisa.

Palma na askari wakatoka moja kwa moja. Kisha zamu ikawa ya Quitupo na askari, na huo ndio mchezo uliojaza uwanja. Wale askari waliokuwa zamu walibaki pembezoni na silaha zao, migongo kwa uwanja kama kazi inavyotaka, lakini shingo za wawili watatu zilikuwa zikigeuka kila shangwe ilipopanda. Wenzao waliokuwa uwanjani walikuwa na mapafu na viatu vizuri. Vijana wa Quitupo walikuwa pekupeku na waliujua mchanga. Anayecheza kwa viatu kwenye mchanga mzito hukata miti miwili: wa kumkimbiza mpinzani na wa kuung'oa mguu wake mwenyewe. Askari walifunga kwanza, kwa shuti la mbali ambalo mpwa wa mzee hata hakulirukia. Quitupo wakarudisha, na dakika ya mwisho wakaongeza la pili.

Kabla ya bao hilo lilitokea jambo dogo. Askari mmoja alianguka akikamata paja, misuli imembana. Aliyekuwa karibu naye ni golikipa wa Quitupo. Alitoka langoni, akapiga goti, akaunyoosha mguu wa yule askari na kuukunja, akaunyoosha tena, mpaka maumivu yakamwachia. Askari alimshukuru kwa Kiswahili, na golikipa akamjibu kwa Kiswahili. Katika pwani hiyo lugha za nyumbani ni Kimwani na Kimakonde, na lugha ya ofisini ni Kireno, lakini Kiswahili ndicho daraja la wote, na tangu majeshi ya Rwanda yalipofika Julai 2021 daraja hilo limepitwa na watu wengi zaidi. Mama mmoja chini ya mwembe alisema kwa sauti ya kusikika kwamba siku hizi askari akija mlangoni anajua kumuuliza anataka nini. Wenzake wakacheka, ingawa miaka michache iliyopita hilo halikuwa jambo la kuchekesha.

Wakati wa mapumziko helikopta ilipita ikielekea Afungi. Watu wazima wote walinyamaza, hata mwenye redio. Muuza pweza alishika kisu chake bila kukata. Watoto hawakunyamaza, waliikimbilia huku wakiipungia mikono. Sauti ilipofifia, mazungumzo yakarudi palepale yalipokuwa.

Yaliporudi yalikuwa ya mpira, na mpira wa pwani hiyo hutazama pande mbili. Wazee humtaja Eusébio, mtoto wa Mafalala katika mji mkuu, ambaye mwaka 1966 aliifungia Ureno mabao tisa katika Kombe la Dunia. Vijana hutazama kaskazini, Dar es Salaam. Wanakumbuka jioni ya Februari 23, 2021, wakati Luis Miquissone, Mmsumbiji mwenzao, alipoifungia Simba bao pekee dhidi ya Al Ahly ya Misri. Mwezi mmoja na siku moja baada ya bao hilo Palma ilishambuliwa, na wako watu Quitunda ambao huipima tarehe kwa kipimo hicho: kabla ya bao la Miquissone, baada ya bao la Miquissone. Siku hiyo lakini habari iliyotawala ilikuwa ya timu ya taifa, ambayo Desemba 2025 huko Morocco iliifunga Gabon mabao 3 kwa 2, ushindi wa kwanza wa Msumbiji katika fainali za Mataifa ya Afrika tangu ilipozifikia mara ya kwanza mwaka 1986. Mzee mmoja wa Milamba alisema kwamba miaka hiyo yote ilimtosha yeye kuoa, kuzaa, kuhama na kuota mvi.

Hapo ndipo mpwa alipomwendea mjomba wake, akachuchumaa mbele yake kama mtu anayekwenda kuomba.

"Mjomba, tumezungumza na wenzangu wa Milamba. Baada ya leo tunataka tuwe timu moja. Tukacheze Palma kwa jina la Quitunda."

Mzee hakujibu upesi. Aliutazama mfuko wa plastiki uliokuwa miguuni pake.

"Na Quitupo?"

"Mjomba, tukienda mahali tukasema sisi Quitupo, watu hutuuliza iko wapi."

"Waambie iko nyuma ya uzio."

"Nimewaambia. Wanacheka."

Mzee alisema kwamba kuna makaburi kule. Mpwa akasema kwamba anajua, baba yake yuko katika makaburi hayo. Wakakaa kimya wote wawili, na huenda wangekaa hivyo mpaka jioni kama kipenga hakingelia. Mwenye kuwasikiliza angeona vigumu kumpa mmoja haki na kumnyima mwingine. Kijana anataka timu yenye watu wa kutosha na jina ambalo dereva wa gari analijua. Mzee anajua kwamba neno lile la rangi ya buluu, saba kwa hesabu, ndilo mahali pa mwisho ambapo kijiji chake kinaitwa kwa sauti na watu wengi kwa pamoja.

Fainali ilikuwa Quitupo na Senga. Senga walikuwa wamewafunga Milamba na Mocímboa bila jasho jingi, na washangiliaji wao walikuja na ngoma. Mzee mmoja wa Senga, wa umri wake mtunza jezi, alikuja akasimama naye nyuma ya lango. Walikuwa wakijuana tangu enzi za kubadilishana samaki kwa muhogo, kabla ya ramani na fidia, lakini kwa muda mrefu walikuwa wakisalimiana kwa mbali tu.

"Samaki mnapata?" aliuliza wa Senga.

"Samaki wapo. Sisi ndio tuko mbali nao. Na muhogo?"

"Muhogo upo. Shamba ndilo halijui la nani."

Mzee wa Quitupo alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kisha akaomba radhi, kwa kuwa mpira ulikuwa unakuja langoni na ilimbidi aite.

Mchezo ulikuwa mzuri, ingawa miguu ilikuwa imechoka. Quitupo waligonga mlingoti, nao ulitikisika mpaka refa akasimamisha mchezo ili ufungwe upya. Mpwa alizuia mipira mitatu ambayo mlinda mlango mwingine angeiacha. Dakika mbili kabla ya mwisho kijana mwembamba wa Senga alimzunguka beki, akamtazama golikipa, akauviringisha mpira polepole pembeni, kwa upole wa mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Bao moja kwa bila. Ngoma za Senga zikapasuka kwa furaha, na mbuzi, ambaye tangu asubuhi alikuwa amefungwa kwenye mkorosho akila majani bila wasiwasi, alibebwa begani.

Mzee hakungoja sherehe. Alifungua mfuko, akakusanya jezi moja moja kutoka kwa vijana waliokuwa wamelala mchangani, akamshika mjukuu mkono. Mzee wa Senga aliwafuata hatua chache na kumwambia kwamba mbuzi ataliwa kesho, na kwamba mbuzi wa watu saba hawezi kuwamaliza watu saba peke yao. Mzee wa Quitupo alisema ataona asubuhi.

Nyumbani mjukuu alichota maji, na mzee akafua mpaka giza likaingia. Mchanga ulitua chini ya beseni, na buluu kidogo ilitoka pamoja nao, kama kila mara. Alipoanza kuanika alihesabu, akahesabu tena. Jezi za Quitupo zilikuwa sita. Ya saba ilikuwa ya kijani, na mgongoni iliandikwa SENGA.

Alimtuma mjukuu kwa mpwa wake. Mtoto alirudi mbio na jibu: mjomba alibadilishana na yule aliyemfunga, naye anaomba radhi kwamba hakumwambia babu, na kwamba yule kijana wa Senga ameivaa ya Quitupo na ameapa kuivaa kesho mbele ya watu.

Mzee aliishika fulana ya kijani mkononi kwa muda. Mjukuu akauliza kama nayo ianikwe.

"Imelowa," alisema mzee, "itaachwaje?"

Akaisuuza mara ya pili, akaikamua polepole ili rangi isichubuke, akaianika ya mwisho kwenye kamba, karibu na zile sita.